Kitabu cha Lori Namba Tisa

Mwishoni mwa mwaka 1978, vita vilipokuwa vimeanza kaskazini mwa mkoa wetu, niliambiwa niandike maneno matano katika kitabu cha lori, nikayaandika: "Breki zimekaguliwa zote, ni nzuri." Hayakuwa ya kweli, na nilijua. Ningeweza kukataa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, akili yangu ilikuwa timamu, na aliyeniambia hakuwa na bunduki. Nimeanza na hilo ili msomaji asije akafika katikati ya maelezo haya akiwa amekwisha kunipenda.

Mwaka huu nimeweka spana chini. Vijana wa karakana yangu waliniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi yetu, nami nikawa nakwepa. Aliyenibana ni Editha, binti anayetutengenezea programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za magari. Kila akitoa toleo jipya huambatanisha orodha ya yaliyobadilika. Siku moja nilivaa miwani nikaisoma. Ilisema: "Tumerekebisha kasoro ndogondogo na kuboresha utendaji."

"Editha," nikamwuliza, "kasoro zipi?"

"Aa, babu, hiyo huandikwa tu. Hakuna anayesoma."

"Mimi nimesoma."

Akacheka. "Basi niandike nini? Nikiandika kila kitu watu wanachoka. Nikiandika kidogo, wewe unanihoji kama polisi."

Hilo ndilo swali la maisha yangu yote ya kazi, na sikuweza kumjibu tukiwa tumesimama.

Nilizaliwa Mabawe, Ngara. Kiswahili nilikikuta shuleni. Nyumbani tulisema Kihangaza. Mama alifariki nikiwa sijaota meno ya pili, nikalelewa na dada yangu Koleta. Alipoolewa Kirushya, humohumo Ngara, na dereva mmoja aitwaye Bartazari, alikwenda na mimi kama mtu aendavyo na mkeka wake. Bartazari hakunung'unika hata siku moja. Mume wa dada kwetu tunamwita muramu, na ndivyo nilivyomwita, naye akaniita vivyo hivyo, lakini moyoni nilimhesabu kuwa baba aliyechelewa kuja.

Nilipomaliza kidato cha nne, Bartazari aliniombea kazi katika karakana ya malori aliyokuwa akifanyia kazi, upande wa Biharamulo. Sitasema ilikuwa ya nani. Ilikuwa na malori kumi na moja, na siku ya kwanza nilihesabu yaliyoweza kutembea: manne.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Rashidi, Mzinza mrefu, mtu wa maneno machache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Vizuri sana. Chukua debe lile la mafuta ya taa, uoshe zile nati."

Niliosha nati wiki tano. Mafundi wakanibatiza Fomu Foo. "Fomu Foo, hebu tusomee nati hiyo, imeandikwaje?" Wakacheka, nami nikaosha. Leo nawashukuru. Mtu aliyeosha nati wiki tano huijua kwa kidole nati iliyochoka, hata gizani chini ya gari.

Wiki ya sita Mzee Rashidi alinipa kitabu. Kila lori lilikuwa na chake, chenye jalada gumu, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa chini ya kiti cha dereva. Ndani yake fundi aliandika kila alichokibadilisha. Desturi ya pale ilikuwa kali: dereva hakuwasha injini kabla ya kusoma ukurasa wa mwisho, na asiyejua kusoma alisomewa, kisha akarudia kwa mdomo wake mwenyewe alichosikia. "Lori likiharibikia Nyakanazi," Mzee Rashidi alisema, "fundi wa kule hakujui wewe. Anakijua kitabu."

Nilitaka kuonyesha elimu yangu. Kazi yangu ya kwanza niliiandikia kurasa tatu: kioo kimefutwa, upepo umejazwa, nati za tairi zimekazwa, grisi imepakwa, na kadhalika. Mzee Rashidi akamwita Bartazari.

"Soma. Utuambie rori lako lina nini," akamtania, maana Bartazari alisema "rori" maisha yake yote.

Bartazari akasoma, akafungua ukurasa wa pili, akajikuna. "Nimeona kioo kimefutwa."

"Na klachi?"

"Klachi imefanywa nini?"

Ilikuwa ukurasa wa tatu, katikati, baada ya grisi: klachi mpya, inashika mapema kuliko ya zamani. Bartazari angeondoka pale kwa kuruka kama mbuzi. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Fomu Foo nikakasirika, na lori lililofuata nikaliandikia mstari mmoja: "Gari limetengenezwa."

Mzee Rashidi hakucheka. "Hata mgonjwa akitoka hospitali," alisema, "huambiwa asile nini."

Somo lililoniingia hasa lilikuja wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Malori yetu yalibeba watu na mali zao: milango, vinu, kuku, mabati machache ya wenye mabati, na bibi mmoja aliyekataa katakata kupanda bila mche wake wa mgomba. Tulifanya kazi bila kupumzika, na vipuri havikuwepo. Lori moja lilivunjika gia, tukalitia giaboksi ya lori lingine lililokufa. Nikaandika kwa fahari: "Giaboksi imebadilishwa." Kweli tupu. Ila ile giaboksi ilikuwa ya aina nyingine, na pale palipokuwa na gia ya kwanza sasa palikuwa na ya kurudi nyuma. Mimi nilijua. Sikuona sababu ya kuandika, kwa kuwa lililokuwa kubwa machoni pangu ni ile kazi ya siku mbili tuliyoifanya.

Dereva akalichukua, akafika katika kijiji kipya ambako kamati ilikuwa imeketi kwenye mabenchi nyuma ya lori, ikigawa viwanja. Akatia gia ya kwanza. Kamati yote ikakimbia. Mwenyekiti aliokolewa na wembamba wake. Benchi moja na choo kipya cha kijiji havikuokoka.

Mzee Rashidi alinikalisha juu ya tairi. "Wewe uliandika kazi yako," alisema. "Dereva hana haja na kazi yako. Kilichobadilika kwake ni mkono wake, wapi auweke. Kila ukishika kalamu jiulize: asipojua hili, atakosea nini? Kama hakuna atakachokosea, achana nalo. Kama kipo, kiandike kwanza, kabla ya jina lako."

Baada ya hapo niliandika vizuri. Tangi lilipotoboka tukaliziba kwa sabuni ya kufulia, niliandika: "Tangi limezibwa kwa sabuni upande wa kulia. Usijaze kupita nusu. Kagua kila asubuhi." Dereva aliyekuwa mgeni kwetu alilipeleka lori lile mbali na kulirudisha, kisha akaja kunishika mkono. "Kitabu chako kinasema kama mtu aliyekaa pembeni yangu," alisema. Nimepata vyeti kadhaa katika maisha yangu. Sikumbuki vilikwenda wapi. Maneno yale ninayo.

Mzee Rashidi alipostaafu na kurudi kwao kando ya ziwa, vitabu vyote vilibaki mikononi mwangu.

Kisha vita. Tuliagizwa kutoa malori manne kupeleka chakula cha askari upande wa Bukoba. Tulikuwa na manne. La nne lilikuwa Namba Tisa, lori la Bartazari, na gurudumu lake la nyuma kushoto lilikuwa linavuja mafuta ya breki. Raba za silinda zilikuwa zimekwisha, na bohari ilikuwa na vumbi tu. Bartazari mwenyewe alikuwa Kirushya akimzika baba yake.

Tulifanya ambacho fundi yeyote wa nchi hii angefanya. Tulilikunja bomba la breki la gurudumu lile na kuligonga mwisho wake, mafuta yasifike huko. Gari linabaki na breki za magurudumu matatu. Mbinu hiyo si dhambi, ilimradi dereva anajua. Akijua, atapakia nusu ya mzigo, atashuka mlima kwa gia nzito, hatakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Maana palipokunjwa pakiachia, mafuta yote yanamwagika, na breki za magurudumu yote zinakufa kwa pamoja.

Niliandika kwanza kwa penseli kwenye karatasi, kama nilivyofundishwa: "Nyuma kushoto hakuna breki. Bomba limekunjwa. Pakia nusu. Shuka kwa gia nzito." Meneja wetu akaichukua karatasi. Alikuwa kijana, amevaa shati lililopigwa pasi, na siku ile alikuwa anatoka jasho.

"Hii ndiyo unataka kuiandika?"

"Ndiyo, bwana meneja."

"Wakaguzi wanakuja kesho asubuhi. Wakiisoma watalikataa gari. Nitawaambia nini? Wenzetu wako mstari wa mbele, sisi tunatoa mabovu? Unalijua neno hujuma, Fomu Foo?"

"Nalijua."

"Basi andika breki ni nzuri. Bartazari si shemeji yako? Utamwambia kwa mdomo."

Utamwambia kwa mdomo. Vijana wangu, mkilisikia neno hilo, shikeni kalamu kwa nguvu zaidi. Mimi niliilegeza. Nilijiambia kwamba jambo litakuwa lilelile, ila limepita njia nyingine. Nikayaandika yale maneno matano, kwa mwandiko wangu mzuri wa sekondari.

Asubuhi Bartazari alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja karakana, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Lori lilikuwa limepakiwa unga na maharage hadi juu. Wakaguzi wawili walikuwa wamesimama kando yake na meneja. Nilikuwa nimepanga kumvuta Bartazari pembeni. Hapakuwa na pembeni. Alitoa kitabu chini ya kiti, akasoma ukurasa wa mwisho huku kidole kikifuata mstari, kama kawaida yake.

"Muramu, nyuma kushoto palikuwa panavuja. Mmepata raba?"

Nilimtazama meneja. Meneja alitazama saa yake.

"Kila kitu kimo kitabuni," nikasema.

"Basi vizuri. Kitabu chako nakiamini kuliko macho yangu." Akapanda, akachungulia dirishani. "Dada yako amekutumia ndizi, ziko kwa mlinzi. Kula, usiwape hawa walafi."

Akaondoka.

Habari zilifika siku ya pili yake. Katika mteremko mmoja njia ya Bukoba breki zilikufa zote, lori likapinduka. Bartazari alikatwa mguu wa kulia juu ya goti. Madereva wa magari mengine yaliyokuwa na shida kama zetu walikuwa wamekwisha kunyofoa vipuri vya Namba Tisa palepale barabarani, kwa hiyo watu watatu walioteuliwa kuchunguza ajali hawakuwa na gari la kukagua. Walikuwa na kitabu.

"Mwandiko huu ni wako?" waliniuliza.

"Ni wangu."

"Breki zilikuwa nzuri?"

"Ni kama ilivyoandikwa."

Wakaamua kwamba dereva alishuka kwa mwendo wa kasi, kwa uzembe. Bartazari aliachishwa kazi na kunyang'anywa leseni. Meneja alisema nilichotakiwa kuandika. Kuandika niliandika mimi, na kujibu nilijibu mimi. Simbebeshi lawama zangu.

Miaka mitano ilipita. Nilikuwa nikienda Kirushya kila nilipopata likizo. Koleta alilima peke yake, akabeba mikungu peke yake, na uchungu ukipanda alimgeukia mumewe. "Ungeshuka polepole kama madereva wenye akili, ungekuwa na miguu miwili," alimwambia, mbele ya watoto, mbele ya wageni. "Kiburi cha usukani hicho!" Bartazari aliinamisha kichwa. Mimi niliyasikia yote nikiwa nimekaa mkekani, sahani ya dada yangu mbele yangu, na niliendelea kula.

Mwishowe nilishindwa kulala na nikaenda ziwani kwa Mzee Rashidi, nikamweleza kila kitu. Alikuwa amezeeka sana. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umeniambia mimi kwa nini?" aliuliza. "Mimi ndiye niliyekuwa naliendesha lori lile?"

Nikalala usiku mmoja kwake, kesho yake nikapanda basi la kurudi Ngara. Nilimkuta Bartazari uani akichonga mpini wa jembe. Nilibaki nimesimama, nikamwambia: bomba tulilikunja, niliandika uongo, nilikudanganya uso kwa uso, na kwenye uchunguzi nikadanganya tena.

Hakuacha kuchonga. "Nilijua kabla rori halijapinduka," alisema. "Kanyagio lilizama hadi chini. Breki nzuri hazifanyi hivyo."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ningewaambia, wangekufunga kwa hujuma. Dada yako angebaki na mume wa mguu mmoja na mdogo wake gerezani. Nikaona nimpunguzie mzigo mmoja." Kisha akanitazama. "Nimekusamehe zamani, muramu. Nilikuwa nangoja uje uuchukue msamaha wako."

Sijapata kusikia maneno makubwa kuliko hayo kutoka kwa mwanadamu, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwa na mtu kama yule.

Lakini Koleta alikuwa mlangoni mwa jiko, na alikuwa amesikia. Yeye hakujua. Hakupiga kelele. Alisema nami kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu kuzaliwa kwangu hakuwahi kunisemesha kwayo nyumbani, kama mtu asemavyo na karani wa ofisini.

"Miaka mitano nimemtukana mume wangu kwa kosa lako. Na wewe umeketi pale, unakula. Ondoka."

Niliandika barua kwa waliochunguza ajali, nikaeleza ukweli na kutia sahihi. Nilijibiwa kwamba jalada limekwisha kufungwa. Nikaacha kazi ile, nikafungua karakana ndogo Ngara. Wakimbizi wa Rwanda walipofurika kambi ya Benaco, malori yalikuja kutoka kila upande na madereva wa lugha nyingi, nami niliandika kasoro zote kwa Kiswahili chepesi na kwa michoro, hata zilizonipotezea wateja. Madereva waliniita Bwana Kasoro. Bartazari alikuwa akija kwa lifti, na mkongojo wake, anakaa kwenye kiti cha lori kuukuu nilichokiweka mlangoni, anasoma vitabu vyangu na kuniuliza maswali. Alikuja hivyo mpaka alipofariki. Kama kuna ufundi wowote mlioupata kwangu, umetoka kwa wazee hao wawili, na nawashukuru kila asubuhi.

Basi, Editha, jibu lako ni hili. Usihesabu jambo ni kubwa au dogo kwa jasho ulilolitoa. Mfikirie aliye mbali, asiyekujua, ambaye kesho asubuhi ataweka mkono wake palepale alipouweka jana. Kama pamehama, mwambie. Kama kuna ulichokiziba kwa muda, sema umekiziba kwa muda. Usiogope kuandika ulichoshindwa kutengeneza. Hicho ndicho anachokihitaji zaidi. Na bosi wako akisema utawaambia kwa mdomo, mwambie kwamba mdomo utawaambia pia, baada ya kuandika.

Nimeliandika hili kwa ajili ya kazi, lakini sitaki kuficha. Maneno yale matano yalimgharimu Bartazari mguu na usukani wake, na yeye alinisamehe. Mimi yalinigharimu dada yangu. Koleta aliishi zaidi ya miaka thelathini baada ya siku ile, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kwangu, na hakunisemesha tena. Alipougua aliwaambia watoto wake nisiitwe, nao wakamtii. Habari ya kifo chake niliipata kwa jirani, siku mbili baada ya kuzikwa kwake.